Mdudu Wangu Alipanda Ndege

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui jina lakini namfahamu vizuri. Ana jipu mahali ambapo hawezi kulionyesha. Amemeza vidonge viwili alivyopewa na jirani, jipu limenywea kidogo, naye amejipongeza kwa werevu wake. Ndugu yangu, mimi nilikuwa wewe. Nilikuwa wewe kuanzia kiangazi kimoja hadi mvua zilizofuata zilipokaribia kwisha, na nusura werevu huo unizike.

Jipu langu lilitokea kwenye tako la kushoto. Nalitaja wazi tangu mwanzo kwa sababu kwa miezi miwili nililiita "maumivu ya mgongo", na uongo huo ulinila nyama nyingi. Nilikuwa karani wa mashine ya kuandika katika ofisi ya kampuni ya migodi, kule Panda, mtaa wa mji wa Likasi. Wenzangu walichimba shaba, wengine waliiyeyusha. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa. Nilikaa tangu asubuhi hadi king'ora cha jioni, nikiandika barua za wakubwa kwa vidole kumi bila kutazama herufi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kushika koleo, na siku alipopita dirishani akaniona nafanya kazi nimekaa kitini, alivua kofia.

Mke wangu, Ngoie, alikuwa na meza sokoni. Aliuza chumvi, sabuni, viberiti, na pia vidonge vyekundu kwa njano vya antibiotiki, ambavyo alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliviuza kimoja kimoja. Mtu wa jino alipewa viwili, wa tumbo viwili, na aliyeogopa tu kwamba huenda akaumwa alipewa kimoja. Watu walimwamini kuliko dispensari, kwa kuwa kwake hapakuwa na foleni wala sindano.

Kwa hiyo jipu lilipoota, vumbi la kiangazi likiwa limejaa kila mahali, sikwenda mbali. Nilichota viwili kwenye kopo. Siku ya tatu maumivu yakapungua, nikaacha. Baada ya wiki mbili jipu likarudi na rafiki. Nikachota vingine viwili. Tulikwenda hivyo, mimi na jipu, kama wapangaji wawili wanaogombania chumba kimoja: mmoja akitoka kidogo, mwenzake anatandaza mkeka.

Vidonge vilipochoka, nilikwenda kwa mzee mmoja wa kambini tuliyemwita Papa Sindano. Zamani alifagia dispensari, na katika kufagia alijifunza. Alichemsha sindano yake kwenye kopo la sardini, akanichoma penisilini kwenye tako la kulia, akanipa pole kwa upande wa kushoto. Alinichoma mara tatu katika wiki tatu, kila mara akisema sasa limekwisha. Mwisho wa wiki hizo nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba yai kati ya magoti.

Ofisini niliinua mashine yangu juu ya kabati la mafaili, nikawa naandika nimesimama. Nilimwambia mkuu wangu kwamba kuandika hivyo kunaongeza kasi. Aliniamini, akataka makarani wote wajaribu. Kwa siku nne ofisi nzima iliandika imesimama kwa ajili ya tako langu, hadi karani mmoja mzee akavimba miguu.

Baya zaidi lilikuwa dansi. Miaka hiyo kila ofisi ilikuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kwa ajili ya chama na mkubwa wa nchi, na kukosa mazoezi halikuwa jambo la kujaribu. Nilicheza. Kila ngoma ilipotaka nikanyage kwa mguu wa kushoto, niliruka mguu huo, nikainama mbele na kutoa sauti ambayo sikuikusudia. Kiongozi wa kikundi alisimamisha watu. Nilidhani nimekwisha. Kumbe aliona kitu kipya. Aliwaambia wenzangu wanitazame, jinsi sitwayeni Tshimanga, yaani mwananchi Tshimanga, kama ilivyotupasa kuitana miaka hiyo, anavyoweka moyo wake wote, kisha akawafundisha ule mruko. Wiki iliyofuata watu thelathini walikuwa wanachechemea kwa pamoja uwanjani, na mimi peke yangu ndiye niliyejua wanacheza nini.

Usiku wa siku hiyo homa ilinishika. Asubuhi Ngoie alivuta shuka, akatazama alichokuwa amekatazwa kutazama kwa miezi miwili. Kisha akasema, "Baba Kapinga, hii haiko mugongo. Vaa, twende lopitali." Kapinga ni binti yetu mkubwa, na mke wangu akiniita kwa jina hilo kwa sauti ya chini, hakuna mjadala.

Chumba cha kungojea cha hospitali kilikuwa na benchi tatu ndefu, na katika nchi yetu mtu asiyekaa anapoonyeshwa benchi ni mtu wa kutiliwa shaka. Kila aliyeingia alinionyesha nafasi. Nilikataa kwa adabu. Bibi mmoja aliyekuwa na kikohozi alinichunguza kwa muda mrefu, akauliza kama ni jipu. Nikasema ni mgongo. Akauliza lina mdomo mmoja au miwili. Nikasema miwili. Aliitangazia benchi yake, benchi ikaitangazia ya pili, na tangu hapo kila mtu alinitendea wema. Mmoja alinipa ukuta wenye kivuli wa kuegemea. Mwingine aliniachia zamu yake. Laiti ningelisema ukweli nilipoingia mlangoni, ningelipata ukuta ule saa mbili mapema.

Daktari alipasua siku ile ile. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba alijaza ndani kitambaa kirefu cha dawa, na kwamba kila asubuhi muuguzi aliyeitwa Mama Mwamba alikivuta na kuweka kingine. Mama Mwamba alikuwa na desturi ya kuuliza habari za watoto wakati anavuta. Nina watoto watano. Alifika kwa wa tatu tu, kitambaa kikawa kimetoka. Nilimpenda kwa hilo, na hadi leo nikimkumbuka huona kwamba watoto wangu wawili wadogo hakuwahi kuwajua.

Lakini kidonda hakikufunga, wala homa haikushuka. Ndipo alipokuja Kabamba.

Kabamba alikuwa fundi wa maabara, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kinshasa ilikuwa imeandikia hospitali kadhaa nchini, yetu ikiwemo, kwamba zikusanye wadudu wa magonjwa ya kawaida, wale wa vidonda, wa kuhara, wa mkojo, wa mapafu, na kuwajaribu ili ijulikane kila mji dawa gani bado inawaua na dawa gani wameizoea. Kila mwezi orodha ziende Kinshasa, na huko waziunganishe, nchi nzima ionekane kwenye karatasi moja. Mahali pengi kazi hiyo ilipokewa kama mzigo. Kabamba aliipokea kama wito. Alipita wodini na vijiti vyenye pamba, akiomba usaha kwa heshima kama mtu aombaye chumvi.

Alichukua wangu. Baada ya siku mbili alirudi akiwa na kisahani cha kioo na uso wa furaha.

"Sitwayeni," akaniambia, "mikrobi yenu iko muzuri sana. Sijaona ya nguvu vile."

Sikujua kama inafaa nishukuru. Alininyooshea kisahani. Ndani yake kulikuwa na utando mwekundu, ambao aliutengeneza kwa damu ya kondoo, na juu ya utando mdudu wangu alikuwa ameota kama ukungu mzito wa rangi ya dhahabu. Kabamba alikuwa ameweka vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi, alinieleza, huacha uwanja mtupu kuizunguka, kwa sababu mdudu hathubutu kusogea. Nilitazama karatasi ya penisilini. Mdudu alikuwa ameizunguka hadi ukingoni, kama watu wanaoota moto. Nilitazama ile ya vidonge vyekundu kwa njano. Hiyo alikuwa ameipanda.

Halafu Kabamba akafungua daftari, akauliza nimetumia dawa gani tangu mwanzo, ngapi, kwa siku ngapi, nilizipata wapi. Nilikuwa nimechoka kusema uongo. Nikamweleza vidonge viwili, kisha viwili, kisha viwili, kisha Papa Sindano. Akauliza vidonge niliuziwa na nani. Nikasema, na mke wangu.

Ngoie alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu.

Kabamba hakuwa mtu mbaya, ila hakuwahi kujifunza kupunguza sauti. Alieleza wodi nzima kwamba vidonge viwili viwili ni shule ya wadudu: haviwaui, vinawaonyesha tu sura ya dawa ili siku nyingine waitambue. Wagonjwa wakageuza shingo. Ngoie aliweka sahani chini taratibu.

"Minye nauzisha dawa," akasema. "Siuzishe magonjwa."

Akaondoka, na kwa siku tatu hakurudi. Chakula kililetwa na Kapinga, ambaye alisema mama anasalimia wodi yote isipokuwa kitanda changu. Nililala kifudifudi nikitafakari. Nilikuwa nimemtaja mke wangu kwenye daftari la serikali, mbele ya watu wanaonunua chumvi kwake. Kwa upande mwingine nilichota mwenyewe kwenye kopo, bila kumwambia. Hilo sikulitaja kwenye daftari.

Siku ya nne alikuja na mama yake. Mama mkwe wangu aliishi kwenye kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, naye alisafiri na kikapu cha samaki wakavu na furushi la majani ya kukanda. Hapa ndipo palikuwa na shida. Kwetu na kwao pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonyeshani hata mguu. Wakikutana njiani mmoja hupinda. Sasa yeye ndiye mjuzi wa majipu katika ukoo wao, na jipu lenyewe lilikuwa pale lilipo. Akaketi nje ya dirisha la wodi, akageuza mgongo, akamtumia Ngoie maswali. Aulizwe kama inauma ya kuruka ao ya kuchoma. Ngoie alisogea kitandani kuuliza. Nikajibu ya kuruka. Ngoie akarudi dirishani: ya kuruka. Aulizwe kama inanuka. Wodi ilijibu kabla yangu. Hivyo ndivyo mimi na mke wangu tulivyoanza kusemezana tena, kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine ya kumjibu mama yake.

Kabamba alipoona majani hakuyadharau. Aliomba kipande, akakiweka kwenye kisahani pamoja na vikaratasi vyake. Kisha akamwomba Ngoie kidonge kimoja kutoka kopo lake mwenyewe, ili pasiwe na mashaka kwamba karatasi yake ndiyo mbovu. Ngoie alimpa akimtazama kwa jicho la pembeni. Kesho yake alituletea. Majani yalikuwa yamemzuia mdudu kidogo sana, upana wa unyasi, na mama mkwe alipopelekewa habari hiyo dirishani alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo. Unga wa kidonge haukuwa umemzuia hata kidogo.

Ngoie alikishika kisahani kwa muda mrefu. "Kwa hiyo minye nilimulisha," akasema.

Kwa mara ya kwanza nilimsikia Kabamba akisema taratibu. "Si weye peke yako, mama. Muji muzima tunamulisha."

Siku ile Ngoie alikaa kando ya kitanda changu hadi walipofunga milango. Hatukuzungumza juu ya vidonge. Alinichana nywele, ambazo zilikuwa zinakatika kwa homa, akazikusanya kwenye kitambaa ili nisione ni nyingi kiasi gani. Mwili wangu ulikuwa umeanza kuniacha: nilikuwa na mapaja ya mtoto, na pete ya ndoa ilikuwa inazunguka kidoleni kama pete ya mtu mwingine. Mvua ya kwanza ilinyesha siku hizo. Daktari alipasua mara ya pili, na nikamsikia akimwambia Mama Mwamba kwamba nyonga ikishikwa hatakuwa na la kufanya.

Dawa tatu zilizokuwa hospitalini zote mdudu wangu alikuwa amezishinda. Kabamba alimfunga kwenye kichupa, akakitia ndani ya chupa ya chai iliyozungushiwa pamba, akamkabidhi mtu wa treni hadi Lubumbashi, na kutoka huko akapandishwa ndege kwenda Kinshasa. Nataka nieleweke. Mimi nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, karani wa kampuni kubwa kuliko zote nchini, na sikuwahi kupanda ndege. Mdudu wa tako langu alipanda. Wagonjwa wenzangu walinipongeza kana kwamba nina mtoto aliyepata masomo ng'ambo, na kila asubuhi mmoja wao aliniuliza kama ameandika.

Wakati tunangoja, Kabamba aligundua kwamba ninajua mashine. Orodha zake za kila mwezi aliziandika kwa mkono, kwa herufi ambazo hata yeye alizibishia. Alileta mashine ya maabara, akaiweka juu ya kabati la wodi, na siku ambazo homa ilinipa nafasi nilisimama kwa dakika ishirini nikaandika. Jina la mdudu, mahali alipotolewa, dawa zinazomshinda, dawa anazozishinda. Majina ya watu hayakuwekwa. Niliandika mstari wangu mwenyewe hivi: usaha, mtu mzima, mwanamume, Panda. Ilinipa hisia ngeni, kama kujisomea tangazo la kifo likiwa bado na nafasi wazi. Siku ambazo homa haikunipa nafasi, Ngoie anasema niliandika juu ya blanketi kwa vidole kumi, nikimaliza kila mstari nasukuma shuka upande, kama tunavyorudisha gari la mashine mwanzo wa mstari.

Jibu lilifika baada ya wiki kadhaa, katika sanduku dogo lililopigwa mihuri. Mlikuwa na vikaratasi vya dawa mpya, chupa chache za baadhi ya dawa hizo, na barua. Barua ilisema wamempokea mdudu wa Likasi, kwamba ndugu zake wameonekana pia Matadi na Bukavu, na kwamba tujaribu dawa hizi moja moja kabla ya kumchoma mgonjwa, kwa maana zikipotea hakuna nyingine za karibu. Kwa kuzijaribu zilihitajika sahani mpya, na kwa sahani mpya ilihitajika damu ya kondoo.

Kondoo wa maabara alifungwa nyuma ya jiko la hospitali. Alikuwa jike mnene, mpole, aliyetolewa damu kidogo kidogo na kulishwa vizuri kuliko wagonjwa. Sasa wiki hiyo hiyo mkubwa fulani wa chama alikuwa anakuja kutembelea mji, na kamati ya mapokezi ilikuwa inapita mitaani kutafuta nyama ya karamu. Mtu aliwaambia habari za kondoo asiye na mwenyewe. Kabamba alisikia asubuhi. Hakujua amfiche wapi. Ngoie alimfungua kamba, akampitisha barabarani kama mtu anayetoka kumnunua, hadi nyumbani kwetu Panda, akamwacha uani na mama yake.

Kamati ilimfuata. Walikuwa wanaume watatu waliovaa abakosi, zile suti za chama zisizo na tai, zilizopigwa pasi. Haya niliambiwa na Kapinga, aliyekuwa anaosha vyombo. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kamba ya kondoo imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Walimweleza kwamba sitwayeni wote wanachangia. Aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole:

"Hii kondoo njo ya mahari ya mutoto wangu, naye iko na bwana. Mwenye kuikula, njo anafunga ndoa. Musemezane ninyi batatu, nani atanioa minye."

Alikuwa na umri wa miaka sabini na meno manne. Wanaume wale walisemezana kweli, kwa muda mfupi, wakaenda kutafuta mbuzi upande wa Kamatanda.

Kabamba alikuja na sindano yake ya kutolea damu, akamkuta mama mkwe amemshikilia kondoo kichwa, akimwimbia. Mama huyo alitaka kujua kama damu hii ni kwa ajili ya mkwe wake. Kabamba akasema ndiyo. Mama mkwe akauliza kwa nini basi anachukua kidogo hivyo.

Sahani zikaandaliwa. Siku mbili baadaye Kabamba aliingia wodini bila kusema chochote, jambo lililotutisha wote. Akaja hadi kitandani kwangu, akanishikia kisahani machoni. Kulikuwa na vikaratasi vitano. Vinne vilizungukwa na mdudu, kimoja baada ya kingine. Cha tano kilikaa katikati ya uwanja mtupu mwekundu, mviringo, safi kama ua uliofagiwa. Ngoie aliweka kidole juu ya kioo, akauzunguka uwanja ule.

Nilichomwa dawa hiyo, ambayo jina lake ni refu na lina ladha ya chuma mdomoni, mara nne kwa siku. Daktari hakuniacha nifanye kama nilivyozoea. Wiki ya pili, homa ilipokuwa imekwisha na mimi naanza kuuliza uliza kama haitoshi, Ngoie alileta kigoda, akakaa mlangoni mwa wodi, akasema chupa ya mwisho ikiisha ndipo atainuka. Alikaa kweli. Aliuza hata viberiti pale.

Mwisho wa mvua kidonda kilifunga. Kwa siku za kwanza Mama Mwamba alinipa mpira wa ndani wa gurudumu la gari dogo, uliojazwa upepo, nikaukalia katikati ya wodi huku watu wote wakitazama. Mzee mmoja wa kitanda cha jirani alianza kupiga makofi, na watu waliokuwa na mikono mizima wakamfuata. Nikalia, na mpira nao ukatoa upepo kidogo kwa sauti ambayo iliharibu heshima ya tukio lile.

Tako lenyewe halikurudi lote. Lina bonde ambalo ngumi ya mtoto inatosha. Nachechemea wakati wa baridi. Ngoie aliacha vidonge, ila hakuacha kwa siku moja. Alijadiliana nami wiki nyingi, kwa haki, kwamba mama asiye na kitu cha kumpeleka mtoto hospitali anahitaji angalau kidonge kimoja cha matumaini. Mwishowe akaweka samaki wakavu wa Tshangalele mahali pa kopo. Wateja walipokuja kuulizia vidonge, aliwahoji: wapi, tangu lini, lina midomo mingapi. Aliowaona wana hali mbaya aliwashika mkono na kuwapeleka kwa Kabamba mwenyewe. Ilifika mahali watu walikuwa wanakata kona sokoni wakimwona, wakificha vipele vyao.

Mimi niliendelea kuandika orodha kila Jumamosi, bila mtu kuniamuru. Siku moja karatasi kubwa ikarudi kutoka Kinshasa, nchi yote ikiwa imeunganishwa, miji kwa wadudu kwa dawa. Nilimsomea Ngoie mstari wa Likasi, kisha mistari ya Matadi, Bukavu na Kisangani. Alisikiliza huku akichambua samaki.

"Na bale bantu?" akauliza. "Bale ba Matadi, balipona?"

Niligeuza karatasi nyuma. Haikusema. Ilikuwa na habari zote za wadudu.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Kabamba, tukachora safu moja zaidi pembeni, nyembamba, kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa. Kwenye mstari wangu wa zamani niliandika: yu hai, ana watoto watano. Kwa wengine tuliandika tulichokijua, na kwa wawili tuliandika neno lile ambalo hakuna apendaye kuliandika. Kinshasa walijibu kwa adabu kwamba safu hiyo haikuombwa wala haina matumizi. Kabamba aliisoma barua mara mbili, akaiweka kwenye faili.

Mvua zilizofuata, Ngoie alimleta msichana mmoja wa Panda aliyejifungua wiki tatu kabla, ziwa limevimba na kuwaka, mtoto analia kwa njaa. Mdudu alikuwa yule yule. Kabamba alimtambua kwa rangi. Lakini safari hii daktari aliitazama kwanza ile karatasi kubwa ya Kinshasa, iliyobandikwa ukutani, akapita juu ya penisilini, akapita juu ya ile ya vidonge, akaanza moja kwa moja na ile yenye jina refu, ambayo kwa sasa ilikuwa inaletwa na treni. Msichana hakupasuliwa. Hakumjua Mama Mwamba na kitambaa chake.

Jumamosi hiyo niliandika mstari wake. Mdudu, usaha wa ziwa, mwanamke, Panda, dawa zilizoshindwa, dawa iliyoshinda. Kisha nikasogeza mashine hadi kwenye safu ambayo haikuombwa, nikaandika: amepona, mtoto ananyonya.